Kufaulu Bila Kuchaguliwa: Pointi za Kanada na Vijana Wetu



Nimeombwa nizungumzie namna nchi tajiri zinavyobadilisha utaratibu wa kuchagua wataalamu kutoka nje. Nitaishika Kanada. Ndiyo iliyouanzisha mfumo wa pointi, imeubadilisha mara nyingi, na ndiyo ambayo vijana wengi kuanzia Mombasa hadi Bukavu wanaipigia hesabu usiku kwenye simu zao: umri kiasi gani, shahada kiasi gani, Kiingereza kiasi gani.

Nianze na yaliyokuwapo kabla ya pointi, kwa kuwa asiyeyajua hawezi kuona thamani ya hesabu hizo.

Mwaka 1885 Kanada ilianza kumtoza Mchina aliyeingia nchini kodi ya kichwa ya dola 50. Kufikia 1903 kodi hiyo ilikuwa dola 500. Mwaka 1923 ikapitishwa sheria iliyowafungia Wachina karibu wote, nayo haikufutwa hadi 1947. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1910 iliipa serikali uwezo wa kuwakataza watu wa asili yoyote waliodhaniwa hawaiwezi hali ya hewa ya Kanada. Mwaka uliofuata, hoja hiyohiyo ya hali ya hewa ilitumika kuandika amri ya kuwazuia watu weusi, wakati wakulima weusi kutoka Oklahoma, Marekani, walipokuwa wakivuka mpaka kutafuta ardhi. Amri hiyo haikutekelezwa, lakini iliandikwa na kutiwa saini. Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilitia nanga Vancouver ikiwa na abiria 376, wengi wao Masingasinga wa Punjab. Walikaa melini miezi miwili wakiitazama nchi kavu, kisha karibu wote wakarudishwa walikotoka.

Hivyo ndivyo watu walivyochaguliwa, kwa sura na kwa asili. Mwaka 1962 waziri Ellen Fairclough alileta kanuni zilizoondoa sehemu kubwa ya ubaguzi huo. Hata hivyo afisa wa uhamiaji alibaki na uhuru mpana wa kukubali na kukataa, na mkataliwa hakuwa na kipimo cha kumwonyesha mtu kwamba ameonewa.

Kipimo kilikuja tarehe 1 Oktoba 1967. Mambo tisa yalipangiwa pointi. Elimu na mafunzo, 20. Tathmini ya afisa baada ya mahojiano, 15, na mahitaji ya kazi yako katika soko, 15. Ustadi wa kazi, umri, ajira iliyokwisha kuandaliwa, na kujua Kiingereza na Kifaransa, 10 kwa kila moja. Jamaa aliyeko Kanada, 5, na hali ya ajira katika eneo uendalo, 5. Jumla 100. Mwenye 50 amepita.

Naomba tutue hapo kidogo. Kwa mara ya kwanza, mwalimu wa Tanga au fundi wa Kisumu aliweza kukaa mezani kwake, akachukua kalamu, akajua kabla hajatoa hata senti kama ana nafasi au hana. Nchi ilimwahidi mgeni isiyemjua kwamba hiki ndicho tunachotaka, na ukikifikia tutakupokea. Najua mfumo ule ulikuwa na kasoro. Zile pointi 15 za afisa ziliacha mlango wa upendeleo wazi, na elimu ya kuhesabiwa ilikuwa ya wachache. Lakini ahadi ya kujua mapema ilikuwa jambo kubwa, na ndiyo ninayotaka kuitetea leo, kwa sababu imepungua kila utaratibu ulipobadilishwa.

Afrika Mashariki iliuona mfumo ule kwa macho yake miaka mitano baadaye. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Serikali ya Kanada ya Pierre Trudeau ilituma maafisa Kampala wakiongozwa na Roger St. Vincent, na mapema Septemba wakafungua ofisi. Walitakiwa kutumia pointi, lakini walipewa pia uwezo wa kulegeza pale hesabu ilipomwacha mtu bila pa kwenda. Ndege ya kwanza ilitua Montreal mwishoni mwa Septemba, na hadi muda wa Amin ulipokwisha tarehe 8 Novemba, zaidi ya watu 4,000 walikuwa wamesafirishwa, wengi wao Waismailia. Mafundi, wenye maduka, makarani, wajane. Namtaja mjane kwa makusudi, maana mjane wa Jinja asiye na shahada wala kazi asingezifikia pointi 50 kwa karatasi peke yake. Alipita kwa sababu ndani ya utaratibu mlikuwa bado na nafasi ya binadamu kumtazama binadamu mwenzake.

Nairuka miaka thelathini. Sheria mpya ya uhamiaji ilianza kazi 2002, ikaweka mkazo kwenye elimu, lugha na uzoefu badala ya kazi moja maalumu. Alama ya kupita iliwekwa 75, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi 67. Ahadi ilikuwa ileile: fika hapa, upokelewe. Waliofika wakawa wengi kuliko nafasi. Kufikia 2008 zaidi ya watu 600,000 walikuwa kwenye foleni ya wafanyakazi wenye ujuzi, wengine wakisubiri kwa miaka. Mwaka 2012 Bunge la Ottawa lilipitisha sheria iliyoyafuta maombi yaliyopokelewa kabla ya tarehe 27 Februari 2008 ambayo yalikuwa bado hayajaamuliwa. Watu wapatao 280,000, waombaji pamoja na familia zao, waliambiwa maombi yao hayapo tena. Walirudishiwa ada. Miaka waliyosubiri haikuwa na wa kuirudisha. Baadhi walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Mimi nalihesabu tendo lile kuwa jeraha kubwa kuliko yote katika historia ya mfumo huu. Watu hawa hawakudanganya wala hawakuruka foleni. Walitimiza masharti kama yalivyoandikwa, wakasubiri kama walivyoambiwa.

Kutokana na foleni ile ukazaliwa utaratibu wa sasa, Express Entry, ulioanza tarehe 1 Januari 2015. Wazazi wa Tanzania watauelewa upesi, kwa kuwa wanalijua tangazo la matokeo ya darasa la saba, na wanajua kwamba kufaulu ni jambo moja na kuchaguliwa ni jingine. Kwa miaka mingi mtoto aliweza kufaulu vizuri akabaki nyumbani kwa kuwa shule hazikutosha. Express Entry iko hivyo. Zile pointi 67 bado zipo kwa mwombaji anayetokea nje ya Kanada, lakini sasa zinamwingiza tu kwenye kundi la wanaosubiri. Ndani ya kundi hilo kila mtu anapangwa upya kwa kipimo kingine chenye pointi 1,200. Kisha, kila baada ya muda, serikali inafanya droo: inachukua walio juu na kuwapa mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu. Alama ya mwisho ya walioalikwa hutangazwa baada ya droo. Haijulikani kabla.

Alama hiyo hupanda na kushuka kama bei ya samaki. Tarehe 13 Februari 2021, wakati janga la korona limefunga mipaka na Kanada inawatafuta waliokwisha kuwa ndani ya nchi, watu 27,332 walialikwa na alama ya mwisho ilikuwa 75. Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Februari 2024, droo ya wote ilifungwa kwenye 534.

Sasa tupige hesabu pamoja, maana bila hesabu mazungumzo haya yatabaki hewani. Tumchukue muuguzi wa Mombasa. Simtaji mtu halisi, ni mfano, ila wako wengi walio kama yeye. Ana miaka 34, hana mume, ana shahada ya kwanza ya uuguzi na uzoefu wa miaka 6. Amefanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS akapata 7.5 katika kusikiliza na 6.5 katika kusoma, kuandika na kuongea. Kwenye kipimo cha kwanza ana pointi 68, amefaulu. Kwenye kipimo cha pili, umri unampa 83, shahada 120, lugha 92, na ule mchanganyiko wa elimu, uzoefu na lugha unampa 38. Jumla 333.

Akiurudia mtihani akapanda nusu alama katika kila sehemu, yaani 8 katika kusikiliza na 7 katika zile tatu, lugha inapanda hadi 124 na mchanganyiko hadi 75. Jumla yake inakuwa 402. Nusu alama katika sehemu nne imempa pointi 69. Hii ndiyo sababu vijana wanaufanya mtihani uleule mara kadhaa, wakilipa kila mara, na ndiyo sababu madarasa ya IELTS yamejaa mjini. Mwaka 1967 lugha zote mbili kwa pamoja zilikuwa sehemu moja ya kumi ya hesabu. Tangu 2013, katika kile kipimo cha pointi 67, zinabeba 28 kati ya 100. Mtu aliyesomea uuguzi kwa Kiingereza, akaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza miaka sita, anapimwa kwa mtihani wa asubuhi moja ambao matokeo yake huisha uhai baada ya miaka miwili.

Tuendelee naye. Tarehe 31 Mei 2023 Kanada ilitangaza badiliko jingine, kubwa kuliko lilivyoonekana siku ile. Tangu wakati huo waziri anaweza kufanya droo za makundi maalumu, ya kwanza yakiwa haya: afya, sayansi na teknolojia, ufundi wa mikono, uchukuzi, kilimo, na wanaojua Kifaransa. Tarehe 14 Februari 2024 ikafanyika droo ya watu wa afya. Alama ya mwisho ilikuwa 422. Muuguzi wetu ana 402. Amekosa kwa pointi 20.

Angekuwa na miaka 30 badala ya 34, mengine yote yakibaki yalivyo, umri ungempa 105 badala ya 83. Jumla 424. Angepita kwa pointi mbili. Miaka minne ile, ambayo wodini ilimkomaza na kumfundisha kumtambua mgonjwa anayezidiwa kabla mashine haijalia, kwenye karatasi imehesabiwa kuwa hasara.

Sasa tumtazame mwenzake wa Bukavu. Naye anaongea Kiswahili, umri uleule, shahada ileile, uzoefu uleule. Tofauti ni kwamba amesoma kwa Kifaransa. Kifaransa chake cha juu kinampa 124 zilezile, Kiingereza chake cha kawaida kinamwongezea 4, na kwa kuwa anazijua lugha zote mbili rasmi za Kanada anapewa nyongeza ya 50. Jumla 456. Tarehe 29 Februari 2024, siku moja tu baada ya droo ya wote kufungwa kwenye 534, droo ya wanaojua Kifaransa ilifungwa kwenye 336. Yeye alikuwa na pointi 120 za ziada.

Kanada ina sababu. Sheria ya lugha rasmi iliyofanyiwa marekebisho Juni 2023 inaitaka serikali irudishe uzito wa wanaoongea Kifaransa nje ya Quebec ufike ulipokuwa mwaka 1971, asilimia 6.1 ya watu. Lugha ya wachache inalindwa kwa watu, na watu wakipungua nyumbani hutafutwa nje. Siwezi kuilaumu nchi kwa kulinda lugha yake, hasa sisi tunaosema kila siku kwamba Kiswahili kilindwe. Nafurahi pia kwamba mlango huu umewafungukia ndugu zetu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura, ambao kwa miaka mingi walipofika kwenye balozi walizoea kukataliwa. Kifaransa kilicholetwa kwao na Mbelgiji sasa kinawasaidia kulipa ada za wadogo zao. Vijana wa Kenya na Tanzania wanaonisikiliza walizingatie hili kwa uzito: Kifaransa kinafundishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na katika hesabu hii kina uzito kuliko shahada ya pili.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Kundi likitangazwa leo linaweza kuondolewa kesho. Dereva wa lori aliyezoea kupeleka makontena kutoka Mombasa hadi Kampala aliambiwa mwaka 2023 kwamba uchukuzi ni kundi linalotafutwa. Akaanza kujifunza Kiingereza cha mtihani, akapeleka vyeti vyake vitathminiwe, akaanza kuweka akiba, maana mwombaji wa nje bila ajira mkononi lazima aonyeshe fedha zake mwenyewe, zisizo za mkopo. Kwa kiwango cha 2025 ni zaidi ya dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja. Tarehe 27 Februari 2025 kundi la uchukuzi likaondolewa. Halikuwa limetimiza miaka miwili. Matokeo ya mtihani wa lugha yana uhai mrefu kuliko kundi lenyewe. Siku hiyohiyo kundi la elimu likaongezwa, na katika teknolojia baadhi ya kazi za kompyuta, uhandisi wa programu ukiwemo, zikatolewa kwenye orodha.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Machi 2025, zikafutwa pointi za ofa ya kazi. Ofa ya mwajiri wa Kanada ilianza 2015 kwa thamani ya pointi 600, ikashushwa Novemba 2016 hadi 50 kwa kazi nyingi na 200 kwa wakurugenzi wa juu, kisha ikawa sifuri. Hapa naiunga mkono serikali ya Ottawa, japo najua wapo walioumia kwa haki. Ofa zile ziligeuka bidhaa. Mawakala waliziuza kwa maelfu ya dola, na familia ziliuza mashamba kununua karatasi ya kazi isiyokuwapo. Pointi zilipoondolewa, biashara ile ilipoteza mtaji wake mkubwa. Lakini aliyekuwa na ofa ya kweli, ambaye jina lake lilikuwa kundini lakini hajapata mwaliko, alilala ana pointi 50 akaamka hana. Ingewezekana kuwaacha waliokwisha kuhesabiwa wamalizie muda wao.

Uingereza nitaigusa tu, kwa sababu pointi zake ni za jina zaidi. Bila mwajiri mwenye kibali hupati kitu, kwa hiyo anayechagua ni mwajiri. Mshahara wa chini wa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ulikuwa pauni 26,200. Aprili 2024 ukawa 38,700. Julai 2025 ukawa 41,700, na mwezi huohuo mlango wa walezi wa wazee ukafungwa kwa waombaji wapya kutoka nje. Walezi waliokwenda kwa viza ile walijua ugumu wa kumtegemea mwajiri mmoja kwa mkate na kwa kibali cha kuishi kwa pamoja.

Nirudi Kanada, kwa yule aliyechaguliwa. Pointi hutolewa na serikali kuu Ottawa, leseni ya uuguzi au udaktari hutolewa na jimbo. Ni mamlaka mbili. Ya kwanza inampa mtu pointi kwa sababu ni muuguzi, ya pili inamwambia bado si muuguzi hadi vyeti vichambuliwe, mitihani ifanywe, na pengine masomo yarudiwe. Katika pengo hilo wameishia wengi, wakiendesha teksi na kulinda maghala usiku. Zipo dalili njema. Mei 2023 chama kinachosajili wahandisi wa Ontario kiliacha kudai uzoefu wa kazi wa Kanada kabla ya leseni, sharti ambalo kwa miaka lilimzuia mhandisi mgeni kupata kazi ambayo ingempa uzoefu huohuo. Nataka kuona wauguzi na madaktari wakifanyiwa hivyo kila jimbo, na nataka uchambuzi wa vyeti kwa ajili ya leseni umalizike mtu akiwa bado kwao, ajue anachokwenda kukikuta.

Nimeulizwa mara nyingi kama nataka turudi 1967. Hapana. Foleni ya watu 600,000 ilikuwa dhuluma nayo, na nchi ina haki ya kupanga idadi yake. Oktoba 2024 Kanada iliushusha mpango wake wa wakaazi wapya wa mwaka 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000, baada ya wananchi kulia juu ya kodi za nyumba. Ni nchi yao. Ninachodai ni kwamba kanuni ikibadilika, anayeianza safari aambiwe mapema, na aliyeko njiani asivutiwe jamvi.

Kwa hiyo kundi likitangazwa, liwe na uhai wa miaka miwili isiyoguswa, sawa na uhai wa mtihani wa lugha ambao serikali yenyewe inaudai. Pointi ikifutwa, ifutwe kwa watakaoingia kundini kesho. Na umri usimamishwe. Muuguzi wetu wa miaka 34 atapoteza pointi 5 au 6 kila siku yake ya kuzaliwa hadi afike 40, kisha 11 kila mwaka hadi 44, hata kama muda wote huo amekaa akisubiri droo. Kanada imekwisha kukubali kwamba mtu akipata mwaliko, siku ya kuzaliwa inayomkuta akiandaa maombi haimpunguzii kitu. Ulinzi huo uanze siku jina lake linapoingia kundini, kwa kuwa tangu siku hiyo muda unaopita si wake tena, ni wa wanaomchagua.